Kumalizia mfano wa mtepe: mshono, jicho na tanga la miyaa

Mifano mingi ya mtepe, chombo cha kale cha tanga cha pwani yetu, inayouzwa hapa Mombasa imechongwa vizuri, kisha ikaharibiwa mwishoni kwa vanishi ya kung'aa na misumari midogo. Mtepe haukuwa na msumari. Mbao zake zilishonwa kwa kamba za usumba, yaani nyuzi za makumbi ya nazi, na maandishi ya Kigiriki ya karne ya 1 yanataja vyombo vya kushonwa vya pwani hii. Wabajuni na watu wa visiwa vya Lamu waliuendeleza ufundi huo hadi karne ya 20 ilipoingia. Ukimaliza mfano wako, mtu aione kazi hiyo.

Nachukulia kwamba mwili wa chombo, tuseme wa sentimita 50, umeshaungwa na mataruma, yaani mbavu za chombo, yamo ndani.

Msasa. Anza na namba 120, umalizie na 240, ukifuata mwendo wa nyuzi za mbao. Futa kwa kitambaa chenye unyevu, vinyweleo vitasimama. Mbao ikikauka, pitisha 240 tena kidogo, uishie hapo. Ikilainika zaidi itaonekana fanicha.

Mshono. Usiharakishe hapa. Kata ukanda wa karatasi ngumu, utie alama kila milimita 6, uulaze kwenye kiungo cha mbao mbili. Toboa kwa keekee ya mkono yenye ncha ya milimita 1, matundu ya juu na ya chini yatazamane, kila moja likae milimita 4 kutoka ukingoni. Karibu zaidi ya hapo mbao itapasuka.

Uzi wa dukani uache. Chambua kamba ya usumba ubaki na nyuzi tatu nne, ziloweke usiku kucha, kisha uzisokote kwa kiganja juu ya paja. Ncha ichovye kwenye gundi ya mbao ikauke: itakakamaa na kupita tunduni bila sindano. Ndani ya chombo laza kishungi chembamba cha usumba juu ya kiungo, upitishe uzi ukikibana kwa mtindo wa msalaba. Vuta kwa nguvu, kwani usumba ukikauka hulegea kidogo. Ndiyo maana kila tundu huzibwa kwa kijiti: kijiti cha kuchokolea meno chenye tone la gundi kinatosha, ukikate kwa wembe kilingane na mbao. Vidole vitauma, lakini bila mshono huu umechonga mashua tu.

Kichwa na jicho. Mtepe una shingo ndefu omoni, yaani mbele ya chombo, na kichwa ambacho wazee walikifananisha na cha ngamia. Kama omo la mfano wako limenyooka bila kichwa, hilo ni dau la mtepe, chombo kingine cha kushonwa. Usilibandike kichwa, limalizie kama dau. Jicho mimi hulipaka duara jeupe lenye mboni nyeusi, pande zote mbili. Tumia rangi ya maji, na upake kabla ya mafuta, kwa sababu juu ya mafuta haishiki.

Mafuta. Linsidi (mafuta ya mbegu za kitani), koti jembamba. Subiri dakika 15, ufute yote yaliyobaki juu. Mafuta ya nazi hayakauki na hukusanya vumbi. Wakati wa masika acha siku kadhaa kabla ya koti la pili. Vitambaa ulivyofutia usivikunje na kuvitupa kwenye pipa: linsidi inapokauka hutoa joto, na kitambaa kilichofumbatwa kinaweza kuwaka chenyewe. Vitandaze nje.

Tanga. Amerikani, kitambaa cha pamba, ni ya jahazi. Tanga la mtepe lilikuwa mkeka wa pembe nne, kwa hiyo pasua miyaa, majani ya kusukia mikeka, kwa ukucha hadi upate vipande vya milimita 2, uvinyunyizie maji ndipo usuke. Hiyo si kazi ya kila mkono. Mimi humpa msuka mikeka, naye hulisuka vizuri kuliko mimi. Pindo lizungushie kamba, kisha lifunge kwenye foromali, mti unaoshika tanga, kwa vifundo vya kweli, bila gundi.

Mwisho funga henza (kamba ya kupandishia tanga) na demani (kamba ya kuongozea tanga). Acha sentimita chache za ziada kila mwisho wa kamba, ukaze tena baada ya wiki moja, ndipo ukate.