Baiskeli na Shabaha: Mambo ya Kuzingatia Kabla ya Kuunganisha Michezo Hii Miwili

Anayeendesha baiskeli kwa bidii hutaka damu ichemke. Anayelenga shabaha hutaka mwili utulie mpaka mtutu usitikisike. Ukiiunganisha michezo hii katika zoezi moja, ugumu hauko kwenye baiskeli wala kwenye bunduki. Uko kwenye ile dakika moja unaposhuka huku unahema, jasho likikuingia machoni, na hapo hapo unatakiwa kushika silaha kwa mikono iliyotulia na akili iliyo macho. Karibu kila kitu cha kuandaa mapema kinahusu dakika hiyo, na ndiyo maana nashauri matayarisho yaanze wiki kadhaa kabla ya kununua chochote.

Wazo lenyewe si geni. Biathloni, mchezo wa kuteleza kwa ski juu ya theluji na kupiga shabaha njiani, umo katika Olimpiki ya majira ya baridi tangu 1960 kwa wanaume na 1992 kwa wanawake. Wachezaji hupiga shabaha tano zilizo umbali wa mita 50. Wakiwa wamelala kifudifudi, eneo wanalotakiwa kulipata lina kipenyo cha milimita 45 tu. Wakiwa wamesimama linapanuka hadi milimita 115. Tofauti hiyo inakuonyesha jinsi miguu iliyochoka inavyomwangusha mpigaji. Katika mbio nyingi za mchezo huo, kila unapokosa unazunguka mita 150 za ziada. Ondoa ski, weka baiskeli, na muundo unabaki ule ule: zunguka, piga tano, zunguka tena. Theluji si lazima.

Swali la kwanza la kujibu ni hili: bunduki itakuwa wapi wakati wewe uko juu ya baiskeli? Jibu langu halina masharti: ikae uwanjani, kwenye rafu yake, ikiwa tupu, chemba (sehemu risasi inapoingizwa) ikiwa wazi na kuonekana, chini ya macho ya msimamizi. Wana-biathloni huibeba mgongoni, ni kweli, lakini wao wana mikanda maalumu, wamefundishwa kwa muda mrefu, na wako kwenye njia iliyofungwa ambayo mtu mwingine haingii. Baiskeli inaanguka kwa namna tofauti na ski. Ukidondoka kwa mgongo ukiwa umebeba kilo kadhaa za chuma na mbao, uti wa mgongo ndio unaopokea pigo. Hata usipoumia, mtutu unaweza kuziba kwa matope, na kilengeo kikigongwa kidogo tu, risasi zote za siku hiyo zitakwenda kando bila wewe kuelewa kwa nini. Tena kuna watu wengine barabarani. Mtu anayepita na bunduki mgongoni huwatia hofu hata kama ana kibali, na hofu hiyo ina haki yake.

Kwa hiyo unachohitaji kwanza ni mahali, na silaha inafuata baadaye. Tafuta uwanja wa shabaha unaotambuliwa kisheria, wenye njia ya baiskeli jirani au nafasi ya kuzunguka nyuma ya mstari wa kupigia. Ongea na msimamizi siku ambayo hakuna haraka. Mwulize kama anaruhusu watu kuingia kwenye mstari wakiwa wametoka kufanya mazoezi mazito, ni saa zipi hapana msongamano, na baiskeli iwekwe wapi. Viwanja vingi vina utaratibu mkali wa lini watu wapige na lini wote waache ili wengine waende mbele kubadilisha karatasi. Mtu anayeingia mbio mbio katikati ya utaratibu huo anawahatarisha wenzake. Msimamizi akikataa, usibishane naye. Mnaweza kukubaliana ufanye baiskeli kwanza, upumzike, kisha upige shabaha kama mtu mwingine yeyote. Faida ya mwili bado utaipata.

Sheria ni lazima uzijue kwa undani kabla ya kugusa chochote. Vibali, umri, namna ya kusafirisha silaha na mahali pa kuitunza hutofautiana kati ya nchi na nchi, na mahali pengi hata bunduki ya hewa ina masharti yake. Waulize wenye mamlaka wenyewe, upate jibu la maandishi ikiwezekana. Rafiki mwenye uzoefu ni mzuri kwa mambo mengi, ila si kwa hili. Njia salama ya kusafirisha ni kasha gumu lililofungwa kwa kufuli, risasi zikiwa mbali na silaha, ndani ya gari la mtu mwenye kibali.

Na pori tupu si uwanja wa shabaha. Risasi ndogo ya .22 (yaani kipenyo cha takriban inchi 0.22), ambayo wengi huiona kama ya kuchezea, inaweza kusafiri zaidi ya kilomita moja ikipigwa kwa pembe ya juu, na ikigonga jiwe au maji inaruka kuelekea usikotarajia. Bila ukingo wa udongo nyuma ya shabaha hujui risasi yako inaishia wapi, na kama hujui hilo, usipige.

Kuhusu chombo cha kutumia, kwa anayeanza napendekeza bunduki ya hewa ya milimita 4.5 kwa umbali wa mita 10. Haina kelele nyingi, risasi zake ni nafuu, na inakufundisha kila kitu unachohitaji kujifunza: mkao, pumzi, kidole. Ina hatari yake hata hivyo. Vijirisasi vyake vikigonga kitu kigumu hurudi nyuma, kwa hiyo miwani ya kinga haivuliwi. Kwa familia au vijana, mwanga wa leza ni chaguo bora zaidi, na hakuna sababu ya kuudharau. Pentathloni ya kisasa, mashindano ya Olimpiki yanayounganisha michezo mitano, iliachana na bastola za hewa ikachukua za leza, na kwenye Olimpiki ya London mwaka 2012 wachezaji wake walikimbia na kupiga kwa leza. Kama wanariadha wa kiwango kile wanatosheka nazo, zinatosha pia kwa asubuhi ya Jumamosi. Upinde na mshale nao unafaa, mradi uwanja uwe na nafasi na ulinzi unaotakiwa.

Sasa mwili. Kipimo cha haraka cha kiwango cha juu cha mapigo ya moyo ni 220 kutoa umri wako. Mtu wa miaka 40 anapata takriban 180 kwa dakika. Ni makadirio tu, watu hutofautiana sana, lakini yanakusaidia kujua uko wapi. Ukipanda mlima kwa nguvu unaweza kufika 160, na kwa mapigo hayo kilengeo kinaruka kwa kila pigo. Usidhani utasubiri mpaka moyo urudi ulivyokuwa asubuhi kitandani. Hautarudi, na ukisubiri sana misuli inapoa na mikono inaanza kukakamaa. Unachotafuta ni mdundo unaoujua, ule uliofanya nao mazoezi, ambao unaweza kupiga ndani yake.

Hapo ndipo mita 300 za mwisho kabla ya uwanja zinapokuwa muhimu kuliko kilomita zote zilizotangulia. Weka gia nyepesi, kaa wima, legeza mabega, vuta pumzi ndefu hadi tumboni. Toa mikono kwenye usukani kwa zamu, uikung'ute, ukunje na kukunjua vidole. Wengi husahau vidole. Ukibana usukani kwa saa nzima kwenye njia ya mashimo, neva za kiganja zinabanwa na ganzi inaingia. Kidole chenye ganzi hakihisi kifyatulio kinapoanza kukaza, na risasi inatoka kabla hujaamua. Kama vidole vimekufa ganzi, usishike silaha mpaka hisia zirudi.

Kwenye mstari, anza kwa kulala kifudifudi. Mapaja yaliyotoka kukanyaga pedali hutetemeka, na ardhi inayabebea kazi hiyo. Vuta pumzi, toa, na katika ule utulivu mfupi kabla ya kuvuta tena, piga. Ukishika pumzi zaidi ya sekunde nane hadi kumi, macho yanaanza kufifia na mikono kutetemeka. Shusha bunduki, pumua, anza upya. Ukiona kilengeo kinaruka kwa mdundo kamili wa moyo, angalia mkanda wa bunduki unaozungushwa kwenye mkono wa juu. Ukibana sana juu ya mshipa, mapigo yanapita moja kwa moja hadi kwenye bunduki. Sogeza mkanda au ulegeze kidogo.

Lakini kabla ya kufikia kuchanganya, fanya kila kimoja peke yake. Piga ukiwa umepumzika mpaka risasi tano zikae pamoja kila mara. Zikitawanyika ukiwa umepumzika, baiskeli itakufichia tu chanzo cha tatizo. Kisha ongeza mwendo taratibu: dakika tano za kuendesha polepole, halafu shabaha, wiki inayofuata kasi kidogo zaidi.

Mwenye shinikizo la damu, maumivu ya kifua, kizunguzungu au ugonjwa wa moyo amwone daktari kwanza. Kuna jambo moja linalofaa kujulikana mapema: dawa zinazoitwa beta-bloka, ambazo hupunguza kasi ya moyo, zimepigwa marufuku katika mashindano ya shabaha kwa sababu hutuliza mkono. Anayezitumia kwa tiba asiziache kwa ajili ya mchezo, na asijipime kwa hesabu ile ya 220, kwa kuwa moyo wake hautapanda kama wa wengine.

Baiskeli yenyewe haina mengi. Breki zishike, tairi ziwe na upepo wa kutosha, cheni iwe na mafuta, tyubu ya akiba na pampu ziwepo. Ila inua usukani kidogo kuliko kawaida. Kuendesha ukiwa umeinama sana kunainua shingo kwa nyuma, na kulala kifudifudi kunaifanya vivyo hivyo. Ukiunganisha yote mawili, kesho yake shingo haigeuki.

Mavazi yanahitaji kujaribiwa pamoja. Lala chini sebuleni ukiwa na helmeti, utaona nyuma yake inavyogonga mabega na kukusukuma paji la uso chini. Yenye ukingo wa mbele ni mbaya zaidi, inaziba macho. Nashauri uivue unapofika, uvae kinga ya masikio mahali pake, na uiweke helmeti palepale kwenye usukani ili usiondoke bila hiyo. Mlio wa .22 unakaribia desibeli 140, kiwango kinachoweza kudhuru masikio, hivyo kinga haina mjadala. Viatu vyenye vyuma vya kunasa pedali huteleza kwenye saruji; chagua vyenye soli bapa. Miwani iwe ya rangi nyepesi, na kitambaa kikavu cha jasho kiwe mfukoni.

Chupa ya maji ibaki kwenye baiskeli, nyuma ya mstari. Risasi nyingi zina madini ya risasi, ambayo ni sumu, na vumbi lake hubaki mikononi. Mtu mwenye kiu hushika chupa bila kufikiri. Osha mikono kwa sabuni na maji baridi kabla ya kunywa, kula au kujifuta mdomo. Kama uwanja hauna maji, beba galoni dogo na sabuni.

Zoezi ninalolithamini kuliko yote hufanywa bila risasi hata moja. Kwa ruhusa ya msimamizi, pitia mpangilio wa kuwasili polepole, ukiwa na bunduki iliyohakikishwa tupu: shuka, egemeza baiskeli, vua glavu, vua helmeti, vaa kinga ya masikio, simama, vuta pumzi tatu. Ndipo unashika bunduki, mtutu ukielekea shabaha, kidole nje ya kifyatulio. Risasi zinaingia ukiwa tayari umelala kwenye mstari, si kabla. Ukimaliza tano, fungua chemba, onyesha kwamba ni tupu, irudishe kwenye rafu, na hapo tu ndipo unageuka kuitazama baiskeli. Rudia mpaka mikono ifanye yenyewe, kwa sababu mtu aliyechoka hafikiri vizuri, na hurudi kwenye kile alichozoea. Mwenzako asimame pembeni akitazama mtutu tu. Asihesabu shabaha, asikusifu. Kazi yake ni kusema "acha" mtutu ukihama, na kazi yako ni kutii bila kuuliza.

Shirika la Afya Duniani linashauri watu wazima wafanye mazoezi ya wastani dakika 150 hadi 300 kwa wiki. Zoezi hili mara moja kwa wiki halifikishi hapo, kwa hiyo siku nyingine endesha baiskeli bila shabaha, na fanya mazoezi ya nguvu kwa mgongo, tumbo na mabega. Hayo ndiyo yanayobeba bunduki ukisimama.

Usiku wa kuamkia siku yenyewe, panga kila kitu sakafuni, vya baiskeli upande mmoja na vya shabaha upande mwingine, na daftari dogo katikati. Humo utaandika mapigo ya moyo ulipofika, shabaha ulizopata na hali ya upepo. Amua pia mapema ni dalili zipi zitakufanya uache kupiga siku hiyo: umesahau kinga ya masikio, umeambiwa "acha" mara mbili, au umeshindwa kukumbuka kama chemba ni tupu. Ikitokea mojawapo, bunduki inafungwa kwenye kasha, na zilizobaki ni kilomita za baiskeli peke yake.