Usiangalie jina la programu, angalia mwendo wake

Jamani wenye saiba wa Mombasa, kuanzia Mwembe Tayari hadi Majengo, msitegemee antivirusi peke yake. Njia yake kongwe ni kulinganisha faili na alama za virusi vinavyojulikana. Kirusi kikibadilishwa kidogo, chapita. Tabia ndiyo ngumu kuificha.

Juzi mteja kaniletea fleshi, ataka kuchapisha barua. Folda zote zimegeuka njia za mkato (shortcut) za kilobaiti moja mbili, na ukibofya moja, dirisha jeusi lamulika mara moja likapotea. Folda ya kweli haina mchezo huo. Folda zake mteja zilikuwa zimefichwa tu, hazikufutwa, alhamdulillahi.

Kwenye Windows, bonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja wakati hakuna anayetumia kompyuta; yafunguka Task Manager, orodha ya programu zinazoendeshwa. Ukiona programu usiyoijua yaandika diski mfululizo, chomoa waya wa intaneti kabla hujagusa kingine. (Sasisho la Windows nalo hula diski, usilisingizie.) Waya wachomolewa kwa sababu kirusi chaweza kuhamia mashine nyingine: WannaCry, kirusi cha kudai fidia cha Mei 2017, kilifunga mafaili huku kikijisambaza chenyewe mtandaoni.

Na simuni je? Programu ya tochi yataka kusoma SMS zako za nini?