Ukienda kusikiliza mkutano wa NA na wewe si mraibu

Wanafunzi wangu wa uuguzi wanaponiambia wanataka kwenda kusikiliza mkutano wa waraibu wanaopata nafuu, nawauliza kwanza: mkutano huo ni wa wazi au wa ndani? Asiyejua jibu haendi siku hiyo. Mkutano wa ndani ni wa waraibu peke yao, pamoja na mtu anayehisi kwamba huenda naye ni mraibu. Mkutano wa wazi humpokea yeyote: ndugu, muuguzi, imamu, shemasi, mwanafunzi. Huo tu ndio wako. Barua ya chuo yenye mhuri haiugeuzi mkutano wa ndani kuwa wa wazi, na usimwombe mtu akupenyeze.

Uliza mapema, na umuulize mtu sahihi. Hapa Dar es Salaam wengi wanachanganya NA na soba. Soba ni nyumba: watu wanalala humo, kuna msimamizi, kuna ratiba ya kuamka na kufagia. NA, yaani Narcotics Anonymous, haina nyumba wala mganga. Ni waraibu wanaokutana wenyewe kwa wenyewe, kama walivyoanza wenzao kule California mwaka 1953, kwa kufuata njia ambayo walevi wa AA, yaani Alcoholics Anonymous, waliianzisha Akron, Ohio, mwaka 1935. Wakikutana katika darasa la kuazima, kwenye ukumbi wa kanisa au uani kwa soba, mkutano bado ni wao. Kwa hiyo msimamizi wa soba akikwambia "njooni tu", hiyo ni ruhusa ya kuingia getini kwake. Ruhusa ya kukaa kwenye mkutano utaipata kwa anayeongoza kikundi. Mpigie au mfuate siku moja kabla, mweleze wewe ni nani na unataka nini, umuulize kama siku hiyo inafaa. Akisema njoo wiki ijayo, usimbishie. Huenda anajua kuna mtu anakuja kwa mara ya kwanza na hataki akutane na macho ya wageni.

Nenda wewe na mwenzako mmoja, basi. Wanafunzi sita kwenye chumba chenye waraibu kumi wanaugeuza mkutano kuwa maonyesho, hata wakikaa kimya kama maji ya mtungini.

Vua sare. Koti jeupe, kitambulisho cha shingoni, hata begi lenye nembo ya hospitali, viache nyumbani. Wengi utakaokaa nao wamewahi kusimangwa mapokezi na watu waliovaa hivyo, wakaambiwa wasubiri mpaka wagonjwa "wa kweli" waishe. Daftari na kalamu usivitoe. Simu izime kabisa, usiiweke kwenye mtetemo, na iingie ndani ya mkoba. Mtu anayejikusanya kusema jambo ambalo hajawahi kumwambia hata mkewe, akiiona simu mkononi mwako anaona kamera.

Jambo linalowashinda wengi ni hili: usipeleke kitu. Sisi tumelelewa kwamba mgeni haji mikono mitupu, kwa hiyo mwanafunzi mwenye moyo mwema anafika na katoni ya maji na sukari kilo mbili. Lakini vikundi hivi vina mapokeo kumi na mawili, na la saba linasema kikundi kijitegemee chenyewe na kikatae michango ya watu wa nje. Nalipenda sana pokeo hili. Watu ambao mtaa mzima umewazoea kama ombaomba na wezi wa masufuria wanalipia chumba chao na chai yao, na hawadaiwi fadhila na mtu yeyote. Mfuko wa michango ukikufikia, mpe wa pembeni yako. Ukikaribishwa chai, kunywa, ushukuru.

Fika dakika kumi kabla. Kaa kwenye duara kama wengine. Anayejitenga nyuma ukutani anaonekana mkaguzi. Viongozi wengi huwaomba wageni wajitambulishe, na hapo sentensi moja inatosha: "Naitwa Neema, ni mgeni, nimekuja kusikiliza." Jina la kwanza tu, bila cheo, bila chuo, bila hotuba ya kuwapongeza. Na usiseme "mimi ni mraibu" ili ufanane nao. Wengine watalisema neno hilo kila wanapofungua mdomo, na chumba kizima kitawaitikia kwa majina yao. Limewagharimu, kwa hiyo usiliazime.

Kisha kuna masomo mafupi yanayosomwa kwa zamu, na baadaye watu wanaanza kushea, yaani kusimulia yaliyowapata. Hapa ndipo muuguzi anapata shida, maana tumefundishwa kuuliza maswali. Mmoja anasema, anamaliza, wanamshukuru, anafuata mwingine. Hakuna anayemjibu, hakuna anayemrekebisha, hakuna anayempa ushauri. Utamsikia mtu akieleza alivyouza cherehani ya mama yake akanunua kete mbili, na baada yake kitapita kimya, kisha anayefuata ataanza habari zake mwenyewe. Mara ya kwanza unaweza kudhani hawakumsikia. Walimsikia. Ila kila mmoja pale ameshapewa ushauri na shangazi, na polisi, na shehe, na mchungaji, na daktari, na haukumfaa. Kinachomfaa ni kusema jambo lote mpaka mwisho bila kukatizwa.

Watacheka pia, tena kwa mambo ya kutisha. Wakicheka, huna haja ya kununa. Cheka kama limekuchekesha. Uso wa huruma unaumiza kuliko kicheko. Mtu akilia, mwache alie. Usiinuke na kitambaa, usimshike bega. Wenzake wanajua wakati wa kumwendea.

Usiwaite mateja, hata kama wao wenyewe wanaitana hivyo kwa utani. Ukiombwa kusema chochote, toa shukrani kwa sentensi moja unyamaze.

Kwenye mikutano mingi ya NA utaona vidude vya plastiki vya kuning'iniza funguo vikitolewa kwa rangi. Cheupe ni cha anayeanza au anayeanza upya. Cha chungwa ni siku 30, kijani 60, chekundu 90, buluu miezi sita, njano miezi tisa, kinachong'aa gizani mwaka mmoja, kijivu mwaka na nusu, na cheusi ni cha miaka. Wageni huwa wanakitazama cheusi. Mimi nawaambia wanafunzi wakitazame cheupe, hasa kikichukuliwa na mtu mzima ambaye kila mtu chumbani anamfahamu. Huyo alikuwa safi, akarudi kwenye unga, na sasa amesimama mbele ya watu waliowahi kumpigia makofi. Wewe muuguzi unapaswa kuelewa ametoka hatari gani. Mwili uliokaa miezi bila heroini umepoteza uzoefu wake, na kipimo alichokuwa akikimudu zamani sasa kinaweza kumsimamisha pumzi. Aliyerudi mkutanini amerudi hai. Piga makofi kwa nguvu zako zote.

Sasa macho yako ya kazi. Utamwona mwenye miayo isiyokwisha, makamasi, vipele vya baridi mikononi na jasho juu yake, amejikunja kwenye kiti. Hiyo ni arosto, mateso ya mwili uliokosa dawa uliyoizoea. Wenzake wameijua kabla yako na wamemkalisha pale makusudi. Inamtesa vibaya, lakini kwa kawaida haimuui asipokaukiwa maji, na mkutano si wodi. Usimpime mapigo, usiulize ametumia lini mara ya mwisho.

Kuna mambo mawili tu yanayokutoa kwenye ukimya. La kwanza ni mtu wa pombe. Mlevi wa miaka mingi aliyeacha ghafla jana au juzi, mikono inatetemeka, ameloa jasho, amechanganyikiwa au anaona vitu ambavyo hawavioni wengine, anaweza kupata degedege na kufa. Mfuate anayeongoza, mnong'oneze kwamba huyu anahitaji hospitali leo, si kesho. La pili ni mtu anayesinzia ambaye haamki ukimtikisa, anapumua taratibu sana au kwa kukoroma, midomo imeanza kubadilika rangi, mboni za macho zimekuwa ndogo kama ncha ya sindano. Hapo wewe si mgeni tena. Sema kwa sauti, msaidie kupumua, atumwe mtu kutafuta usafiri, naloksoni, dawa ya kumzindua aliyezidisha heroini, ikiwepo itumike, na mkutano utasubiri.

Wanafunzi wanaotoka kliniki za methadoni, dawa ambayo mraibu hupewa badala ya heroini, nawapa onyo la ziada. Muhimbili ilianza kutoa methadoni mwaka 2011, Mwananyamala na Temeke zikafuata, na kazi yetu imejengwa juu ya dawa hiyo. Kwenye NA utasikia mtu akisema kuwa safi ni kutotumia kitu chochote kabisa, na anayekunywa methadoni kila asubuhi bado hajawa safi. Vikundi havifanani katika hili. Utamsikia mwingine akisema ameshaambiwa asishee mpaka amalize dozi zake. Damu itakuchemka, na yangu huchemka. Naamini methadoni inaokoa maisha, na mgonjwa asiiache kwa sababu ya maneno ya mkutanini. Lakini mle ndani usibishane. Mgonjwa wako akija kliniki akisema anataka kuacha dozi, zungumza naye pale, mlango ukiwa umefungwa, mpange na daktari kama ni kupunguza taratibu au kuendelea.

Halafu kuna kukutana na unayemjua. Dar ni kubwa, lakini mtaa ni mdogo. Unakaa, unainua macho, ng'ambo ya duara yupo kijana aliyesoma na mdogo wako, au fundi aliyekuwekea milango ya nyumba. Usishtuke, usimkonyeze, usimfuate mwisho wa mkutano kumhakikishia kwamba hutasema. Mtikisie kichwa kama unavyomtikisia mtu yeyote. Siku mkikutana kwenye daladala, salamu aanze yeye, na akianza, msalimie kama jirani, umuulize habari za nyumbani. Mkutano usiutaje hata mkiwa wawili tu, mpaka yeye autaje.

Mtihani wenyewe hauko kwenye daladala. Uko kwa mama yake. Mama anakufuata nyumbani jioni, amesikia unatembelea watu wale, anauliza kwa machozi: "Mwanangu, umemwona? Anakwenda kweli?" Unajua anakwenda, unajua ana cha kijani mfukoni, na neno lako moja lingempa usingizi. Usilitoe. Mwambie: "Shikamoo mama, karibu ukae. Mimi huwa sisemi nimemwona nani wala wapi, hata ningeulizwa na baba yangu mzazi." Halafu kaa naye. Mweleze kwamba kuna vikundi vya ndugu pia, Al-Anon kwa ndugu wa walevi na Nar-Anon kwa ndugu wa watumiaji wa dawa, na kwamba naye ana maumivu yanayostahili kusikilizwa. Habari za siku 60 atazipata kwa mwanawe, siku mwanawe atakapotaka.

Na wewe uliye ndugu, usiende kwenye mkutano wa kaka yako ati ni wa wazi. Subiri akualike. Akikualika, ni kwa sababu kuna siku anataka uione.

Mwisho wa mkutano huwa wanasimama duara wameshikana mikono, wanaomba utulivu wa kukubali wasiyoweza kuyabadili na ujasiri wa kubadili wanayoyaweza. Waislamu na Wakristo wanaomba pamoja, kila mmoja kwa Mungu kama anavyomwelewa. Kama dini yako haikuruhusu kumshika mkono asiye maharimu wako, weka kiganja kifuani na uiname kidogo, hakuna atakayechukia. Kisha saidia kupanga viti, aga, ondoka. Usibaki mlangoni ukichukua namba za simu. Mwanamke hasa, na wanawake huwa wachache mle, akikufuata mwenyewe kuzungumza, msikilize kwa muda atakaotaka yeye. Wanaume, mikutano ya wanawake peke yao msiiombe.

Ripoti ya chuo iandike nyumbani. Kutoa majina hakutoshi. Ukiandika "kinyozi mwenye kovu shavuni anayefanya kazi karibu na msikiti", umemtaja. Toa kazi, toa mtaa, toa umri, toa kovu, na simulizi ya mtu mmoja usiibebe nzima. Andika mkutano ulivyokwenda, andika wewe ulivyohisi na ulichokuwa unakiamini kabla hujaingia. Nikisoma ripoti nikaweza kukisia ni nani, narudisha bila alama. Na ukitaka kwenda tena, omba tena. Ruhusa ya wiki iliyopita imeisha.

Hutokea pia mwanafunzi akarudi amenyamaza kwa namna nyingine, kwa sababu wakati wengine wanashea kuhusu konyagi za kila jioni au vidonge vya usingizi alikuwa anasikia habari zake mwenyewe. Kama ni wewe, hiyo usiiandike kwenye ripoti na usiniletee mimi kama kazi ya darasa. Kujiunga kunahitaji hamu ya kuacha tu, hakuna fomu wala ada. Safari ijayo nenda kwenye mkutano wa ndani, peke yako, na utakapojitambulisha usiseme umekuja kusikiliza.