Kuunda Pikipiki ya Theluji ya Skii Moja kutoka kwa Snomobili Iliyogongwa

Snomobili, yaani mashine ya kwenda juu ya theluji yenye skii mbele na mkanda mpana wa raba (treki) unaoisukuma nyuma, ikigonga mti, kwa kawaida huvunjika mbele: skii mbili, mikono ya saspensheni na pua ya plastiki. Injini, klachi, sanduku la cheni na treki ya raba mara nyingi hubaki salama. Kwa hiyo ukiigeuza kuwa pikipiki yenye skii moja mbele na treki nyuma, utakavyotupa ni vile ambavyo ajali imeshaviharibu. Mashine za namna hii zilishawahi kuuzwa madukani: Chrysler ilikuwa na Sno-Runner karibu na 1980, kisha AD Boivin ya Quebec ikatengeneza Snow Hawk yenye injini ya Rotax.

Kabla ya kushika grenda, shika kanuni hii: injini, klachi mbili (puli zinazounganishwa na belti) na shafti ya treki vibaki pale kiwanda kilipoviweka. Kazi yako yote iko mbele ya hapo.

Hatua ya 1: Kuchagua mashine

Tafuta injini ya tustroki (inayounguza oili pamoja na petroli) ya silinda mbili inayopozwa kwa feni, kama Rotax 503. Zinazopozwa kwa maji zina vipozeo ndani ya handaki, yaani bati refu la alumini linalofunika treki, na mabomba yake yatakusumbua kila utakapotaka kupitisha fremu.

Pima kompresheni. Silinda zikitofautiana zaidi ya asilimia 10, hesabu gharama ya pistoni na ringi kabla ya kulipa. Kisha vuta uzi kona kwa kona ya handaki. Vipimo viwili vikipishana zaidi ya milimita 5, handaki limepinda na treki italika upande mmoja, iache. Dai hati ya umiliki, na usikate mahali palipogongwa namba ya chasisi. Bila namba hiyo usajili utakuwa shida, na sheria za usajili hutofautiana kutoka jimbo hadi jimbo.

Hatua ya 2: Kukata

Toa tanki, betri na kompyuta ya moto wa plagi. Kuchomelea kunaweza kuiua. Funga kwa muda vyuma viwili vya pembe kutoka kitako cha injini hadi sanduku la cheni, ndipo ukate pua. Ukikata bila vyuma hivyo, kitako kitalegea kwa milimita chache, na milimita chache zinatosha kuikata belti ya klachi. Umbali kati ya klachi na mpishano wake (jinsi moja ilivyosogea pembeni kuliko nyingine) vimo kwenye kitabu cha modeli yako. Viandike kabla ya kukata, kisha vipime tena ukimaliza kuchomelea.

Hatua ya 3: Fremu na shingo

Tumia mabomba ya kromoli (chuma imara chenye kromiamu na molibdeni) ya milimita 25, unene milimita 2. Mawili yatoke kwenye shingo, yaani bomba la mbele linaloshika usukani na foki, yapite juu ya injini hadi ubavuni mwa handaki, mawili yashuke kwenye kitako cha injini, na katikati weka pembetatu. Chuma hakichomelewi kwenye alumini, kwa hiyo funga kwa bolti za milimita 8 na sahani za milimita 3 ndani na nje. Paka praima katikati, maana chuma na alumini vikigusana kwenye maji ya chumvi, alumini huliwa.

Shingo ilale nyuzi 26 hadi 28 kutoka wima. Foki ya pikipiki ya motokrosi inafaa.

Hatua ya 4: Skii

Usitumie skii ya mashine ile ile. Ilikuwa moja kati ya mbili na ni nyembamba, hivyo ikibaki peke yake itazama. Nunua yenye upana wa sentimita 25 au zaidi, yenye mkuku mrefu (ukingo unaotokeza chini ya skii na kuifanya ishike theluji). Ifunge kwa ekseli ya gurudumu la foki, na vipande vya alumini vijaze nafasi ya habu, yaani kitovu cha gurudumu.

Mambo mawili hapa yanaweza kuleta ajali. La kwanza ni mahali pa mkuku. Nyoosha mstari wa shingo hadi chini, uweke alama pale unapogusa theluji. Katikati ya mkuku lazima pawe sentimita kadhaa nyuma ya alama hiyo. Pakiwa mbele, usukani hujigeuza wenyewe kwa kasi. La pili ni raba ya kuzuia kati ya skii na mhimili wake. Bila raba hiyo, skii ikiruka hewani ncha huinama, na ikitua huchoma theluji na kumrusha dereva mbele.

Hatua ya 5: Hewa na moshi

Rudisha kisanduku cha hewa cha kiwandani. Ukikiondoa, kabureta itavuta theluji, na mchanganyiko utakuwa na petroli kidogo kuliko inavyotakiwa. Tustroki ikikosa petroli hupata joto kupita kiasi, na pistoni hukwama. Bomba la moshi lisogeze, ila urefu na umbo lake visibadilike, kwa sababu nguvu ya injini imepangwa humo. Weka kinga ya joto upande wa mguu.

Kinga ya klachi ni ya lazima: belti ikikatika kwa mizunguko 8,000 kwa dakika hurushwa kuelekea mguu wa dereva. Swichi ya kamba ya kuzima injini nayo ni ya lazima.

Hatua ya 6: Kupima

Ning'iniza nyuma ya mashine, asisimame mtu nyuma ya treki, na bati la kuzuia mawe liwe limefungwa. Kaza treki mpaka uzito wa kilo 7 uishushe milimita 30 hadi 50, kisha izungushe polepole urekebishe skrubu za kulia na kushoto hadi ikae katikati.

Kwenye theluji, ukiona skii haishiki kona, fupisha mkanda unaozuia mbele ya saspensheni ya treki kutanuka. Uzito utahamia kwenye skii. Skii ikizama, urefushe. Treki ya kawaida ya sentimita 38 italala upande vizuri kwenye kona za theluji laini, lakini juu ya theluji iliyoshindiliwa itataka kusimama wima. Ndiyo maana vifaa vya kiwandani vya kugeuza pikipiki kuwa ya theluji hutumia treki nyembamba. Kwenye barafu tupu usiende mbali, kwa kuwa plastiki za reli ambazo treki huteleza juu yake hupozwa na theluji na zitayeyuka.

Baada ya saa ya kwanza kaza upya bolti za handaki, kagua viungo vya shingo kama vina nyufa, na pima tena treki, kwani treki hulegea mwanzoni.