SOMO: Presha 210/115 na mdomo umekwenda upande. Usikimbilie kushusha

Ndugu za mgonjwa watakuambia "daktari, shusha presha kwanza". Wenzangu wa zamu, kwenye kiharusi haraka hiyo inaua ubongo.

1. Njia ya hewa, upumuaji, kisha sukari ya kidoleni. Sukari iliyoshuka huiga kiharusi, hadi kulegea upande mmoja. Oksijeni mpe ikiwa iko chini ya 94%.

2. Uliza: "Mara ya mwisho mlimwona mzima saa ngapi?" Si saa mliyomkuta ameanguka. Aliyelala mzima saa 4 usiku akaamka amepooza, hesabu yake inaanzia saa 4 usiku. Dawa ya kuyeyusha damu iliyoganda kwa kawaida ina dirisha la saa 4 na nusu.

3. Rudia kupima presha, mikono yote miwili. Kitambaa kidogo cha kipimo kwenye mkono mnene kinapandisha namba. Kibofu kilichojaa na maumivu vilevile.

4. CT ya kichwa (picha inayoonyesha kama damu imevuja ndani ya ubongo), kisha ndiyo uamue.

Mshipa wa ubongo umeziba na hapati dawa ya kuyeyusha: usiguse presha mpaka ipite 220/120, na hapo shusha takriban 15% ndani ya saa 24. Kandokando ya sehemu iliyokufa kuna ubongo ambao bado unaishi kwa damu inayosukumwa na presha hiyohiyo. Ukiishusha ghafla, nao unakufa.

Anayepata dawa ya kuyeyusha: chini ya 185/110 kabla ya kuanza, kisha chini ya 180/105 kwa saa 24.

Damu imevuja, namba ya juu iko kati ya 150 na 220: lenga 140, usivuke chini ya 130. Dawa ya kushusha ni labetalol 10–20 mg kwenye mshipa, polepole, ila si kwa mwenye pumu. Hydralazine, nayo ya kushusha presha, tunayo wengi, lakini haitabiriki. Toa kidogo na upime kila baada ya dakika chache.

MASWALI

*Nifedipine ya kushusha presha, chini ya ulimi je? Kituoni kwetu ndiyo mazoea.*
Acheni, tafadhali. Inaangusha presha ghafla na huwezi kuirudisha.

*Daktari, sisi hatuna CT, mpaka hospitali ya mkoa.*
Usimpe aspirin, hujui kama damu imevuja. Asile wala kunywa hadi ujaribiwe uwezo wake wa kumeza. Piga simu mnakompeleka kabla gari halijaondoka, na saa aliyoonekana mzima iandike juu kabisa ya barua ya rufaa.

*Mama ana 190/120, ila hana dalili yoyote.*
Umpime vizuri kwanza: macho, moyo, figo, na kama ni mjamzito. Mjamzito ni dharura, asisubiri. Kama viungo viko salama, hahitaji sindano. Apumzike, umpime tena, aanze au arudie vidonge, arudi kliniki ndani ya siku chache. Muulize aliacha dawa lini na kwa nini. Mara nyingi ziliisha, hela ikakosekana.