SOMO: Taa za gari za AUTO zinawaka na kuzima ovyo, pima hivi kabla hujanunua sensa

Wakuu, hili swali nimelijibu mpaka nimechoka. Mtu anakuja kashanunua sensa mpya, kaifunga, tatizo liko palepale, ndo anauliza. Naandika mara moja kwa kirefu, atakayeuliza tena namleta hapa.

Mfumo wenyewe uko hivi. Kuna kisensa cha mwanga, mara nyingi juu ya dashibodi karibu na kioo cha mbele au kwenye kioo nyuma ya kile cha kuangalia nyuma. Kinapeleka volti ndogo kwenye kompyuta ya bodi ya gari, kompyuta ikiona giza inaamsha rilei (swichi inayowashwa kwa umeme) na rilei inapeleka moto kwenye taa.

Hatua ya 1. Weka swichi ya taa ON, sio AUTO. Zikiwaka vizuri, balbu na fyuzi ya taa ni nzima, achana navyo.

Hatua ya 2. Safisha kioo mbele ya sensa. Toa stika, tinti, kitambaa, karatasi, chochote kinachoikinga.

Hatua ya 3. Washa swichi ya gari, weka AUTO, funika sensa kwa kitambaa kizito cheusi halafu SUBIRI. Mifumo mingi imewekewa kuchelewa makusudi ili taa zisiwakewake kila ukipita kwenye kivuli cha mti.

Hatua ya 4. Pima fyuzi za kompyuta na sensa zikiwa mahali pake, pande zote mbili ziwe na moto. Kwa macho tu haitoshi.

Hatua ya 5. Chomoa soketi ya sensa. Gari nyingi zikikosa sensa zinahesabu ni usiku na zinawasha taa. Zikiwaka, upande wa kompyuta na rilei uko sawa, baki kwenye sensa na nyaya zake. Soketi za njano huko dashibodini ni za eabegi, usiziguse.

Hatua ya 6, ETHI (njia ya umeme kurudi kwenye hasi ya betri kupitia bodi ya gari). Hapa ndipo nilipokosea mimi na ndo sababu ya somo zima. Gari yangu ukiweka AUTO jioni taa zinawaka, sekunde kadhaa zinazima, zinawaka tena, hivyo hivyo njia nzima, nilikuwa naendesha kwa hofu kwa sababu anayekuja mbele anadhani nampa ishara. Nikapima ethi kwa ohmu taa zikiwa zimezimwa, mita ikasoma ohmu 0.2, nikasema hii nzima. Nikanunua sensa. Bado. Nikahangaika wiki mbili mpaka nikapima taa zikiwa ZINAWAKA, nikakuta karibu volti 2 kwenye pini ya ethi ya sensa, mahali panapotakiwa kuwa sifuri. Bolti ya ethi nyuma ya taa ya kushoto ilikuwa na kutu chini ya kile kijiduara cha waya, kwa juu inang'aa kabisa, na ethi ya sensa ilikuwa inaishia kwenye bolti hiyohiyo. Taa zikiwaka ethi inapanda, sensa inapeleka volti kubwa kuliko inavyotakiwa, kompyuta inadhani kumekucha, inazima. Zikizima ethi inarudi, giza tena, inawasha.

Kwa hiyo pima hivi: taa ziwake, mita kwenye volti za DC, waya mweusi kwenye hasi ya betri, mwekundu kwenye pini ya ethi kwa kuingilia nyuma ya soketi ikiwa imechomekwa. Chini ya volti 0.1 ni safi, ikifika nusu volti fungua bolti, piga msasa mpaka chuma kionekane, kaza, paka grisi juu.

TAHADHARI: usitumie testa ya balbu kwenye nyaya za sensa au kompyuta, inavuta umeme mwingi na unaweza kuua kompyuta. Usitoboe waya kwa sindano, maji yataingia na kopa itaota ukijani. Kama taa zako ni xenon usishike soketi zake zikiwaka, zinapowaka zinatoa maelfu ya volti.

Swali: Mkuu taa zangu za auto hazifanyi kazi shida nini

Jibu: Haziwaki kabisa au hazizimi? Kwenye ON zinawaka? Anza hatua ya 1 halafu urudi na majibu.

Swali: Fyuzi ilikuwa inaungua nikaweka ya 30 badala ya 15 sasa haiungui, ila kuna harufu

Jibu: Toa hiyo fyuzi SASA HIVI, usiendeshe. Harufu ni waya unaungua badala ya fyuzi. Huenda kuna waya umegusa bodi ya gari, utafute kwanza.

Swali: Samahani fundi, 0.2 si ndogo sana? Inawezaje kuleta shida yote hiyo?

Jibu: Swali zuri sana hili. Balbu mbili za wati 55 kwa volti 12 zinavuta kama ampea 9. Zidisha 9 kwa 0.2 unapata volti 1.8. Mita ikipima ohmu inapitisha umeme kidogo mno, kutu inaupitisha bila shida, ukija mzigo wa taa ndo inakwama. Ndo maana nasisitiza upime taa zikiwaka.

Swali: Mimi zinawaka mchana kweupe, zilianza baada ya kubadilishiwa kioo cha mbele

Jibu: Sensa ya kwenye kioo inakaa na kijeli kinachoigandisha. Kikirudishwa kikiwa na vumbi au mapovu ya hewa haioni vizuri. Kwa ndani weka tochi pembeni uangalie, ukiona mapovu badilisha kijeli. Waipa zako za AUTO nazo zinasumbua?

Swali: Eeh zinajifuta bila mvua!

Jibu: Basi ni hicho kijeli, gari nyingi sensa ya mvua na ya mwanga ziko kwenye kasha moja. Piga picha soketi kabla hujachomoa.