Kutembea Peke Yako Kwenye Milima ya Dubu
Mkazi wa Dar es Salaam anayekusudia kutembea peke yake katika Hifadhi ya Taifa ya Glacier, Montana, Marekani, ambako mabonde yalichongwa na barafu, aanze mazoezi mapema kwenye vilima vya Pugu akiwa na begi zito mgongoni, kwani ufukweni ni tambarare mno. Dawa ya pilipili ya kufukuzia dubu hairuhusiwi ndani ya ndege. Inunuliwe huko huko na ikae kiunoni, si ndani ya begi. Kwa kuwa hana wa kuzungumza naye, apige makofi na kupaza sauti kila penye kona au kelele za maji, hata akijiona kichekesho, ili asimshtue dubu. Akimwona, abaki umbali usiopungua mita 91, arudi nyuma polepole, wala asikimbie.